Mahali pa injini na tabia ya gari katika barabara za Pwani

Muuza maji anayevuta mkokoteni katika vichochoro vya Malindi huenda hajapata kuketi katika darasa la uhandisi, lakini analijua jambo ambalo madereva wengi wa barabara ya Mombasa kwenda Malindi hawalitilii maanani. Anapopanga mitungi yake ya lita 20, huhakikisha uzito mwingi umekaa juu ya ekseli. Akiirundika upande wake, mikono hulemewa. Akiisogeza upande wa pili, vishikio hupanda juu vikataka kumwinua. Maji ni yale yale na mkokoteni ni ule ule. Kilichobadilika ni mahali pa mzigo.

Ndivyo ilivyo kwa gari. Injini pamoja na giaboksi yake ni miongoni mwa vifaa vizito zaidi vilivyomo, na havihamishiki. Mhandisi anapoamua injini iwekwe mbele, katikati au nyuma, papo hapo huwa ameamua magurudumu yapi yatabeba uzito mkubwa, gari litakata kona namna gani, na hata abiria wataketi wapi.

Kanuni zinazotawala jambo hili ni mbili. Ya kwanza ni kwamba tairi hushika barabara kwa kadiri ya uzito unaoikandamiza, hivyo gurudumu la kuendesha gari likiwa jepesi huzunguka bure. Ya pili ni kwamba uzito ulio mbali na katikati ya gari hukaidi kugeuka, na ukishaanza kugeuka hukaidi kusimama. Aliyewahi kubeba mzega wenye ndoo mbili za maji anaifahamu kanuni hii mabegani mwake: akigeuka ghafla, ndoo huendelea kuzunguka hata baada ya miguu yake kusimama.

Historia ya mbio za Safari Rally ni ushahidi mzuri. Volkswagen, lile gari lenye umbo la kobe na injini nyuma kabisa, liliongoza mbio za kwanza mwaka 1953, kisha likashinda tena miaka ya 1954, 1957 na 1962. Kiasi cha asilimia 60 ya uzito wake kilikandamiza magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yaliyolisukuma, na kwa sababu hiyo lilitambaa katika tope lililoyanasa magari makubwa kuliko lenyewe. Tena injini yake ilipozwa kwa hewa, bila rejeta ya kupasuka wala maji ya kuchemka.

Hata hivyo, faida hiyo ilikuwa na gharama. Dereva aliyeingia konani kwa kasi kisha akaondoa mguu ghafla kwenye mafuta alishangaa kuona mkia wa gari unataka kutangulia mbele. Porsche 911, ambalo pia hubeba injini nyuma, lilimaliza la pili katika Safari ya mwaka 1974 na ya 1978, lakini halikupata kuwa bingwa katika zama hizo. Lancia Stratos, lenye injini katikati nyuma ya dereva, lilishika nafasi ya pili na ya tatu mwaka 1975. Aliyeshinda mwaka huo aliendesha Peugeot 504, gari la injini mbele na la kusukumwa na magurudumu ya nyuma, ndugu wa Pijo zilizobeba abiria katika barabara zetu kwa miaka mingi. Injini ya katikati hulifanya gari ligeuke kwa wepesi mno, lakini hula nafasi ya abiria na mizigo. Ndiyo sababu muundo huo umebaki kwa magari ya mashindano na ya matajiri.

Tukirudi Kilifi, gari linalotawala njia za bara, kuanzia Kaloleni hadi Ganze, ni Toyota Probox. Injini yake imelazwa kikingama mbele, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayolivuta na ndiyo yanayolielekeza. Likiwa tupu, ni gari tulivu. Shida huanza pale viti vinapojaa kupita kiasi, watu wengine wakaketi kwenye buti na magunia yakafuata. Uzito huo wote hukaa karibu na ekseli ya nyuma au ng'ambo yake, na pua ya gari hunyanyuka kama vishikio vya ule mkokoteni. Wakati wa mvua za masika, kwenye mwinuko wa udongo mtelezi, magurudumu ya mbele huzunguka palepale. Abiria hulilaumu tope. Kwa hakika wao wenyewe wamelinyang'anya gari mshiko wake, na linaloshindwa kupanda pia haligeuki inavyopasa linapoteremka.

Suala la matatu ni zito zaidi. Katika Toyota HiAce na Nissan za miundo iliyozoeleka, injini imefichwa chini ya viti vya mbele. Fundi akitaka kupima oili hukiinua kiti kwanza. Mpango huu ulibuniwa ili urefu wote wa gari utumike kubeba watu. Abiria wa kiti cha mbele huulipia kwa joto linalompanda kutoka chini, nalo si dogo katika jua la Malindi. Ila joto ni dogo likilinganishwa na hatari nyingine: magoti ya dereva na ya jirani zake yametangulia mbele ya ekseli, na kati yao na gari linalokuja hamna boneti ya kukunjika na kupunguza kishindo. Toyota ilipotoa kizazi kipya cha HiAce mwaka 2019 kwa masoko ya nje ya Japani, iliisogeza injini mbele na kulipa gari boneti fupi.

Kanuni zilizopewa jina la aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ziliweka abiria 14 kwa kila matatu ya aina hiyo, mikanda, na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Wengi walizichukulia kuwa sheria za nidhamu tu. Lakini abiria 14 wa kilo 70 kila mmoja ni kilo 980, na uzito huo huketi juu kuliko injini na nyuma yake. Ukiongeza vikapu vya samaki na mikungu ya ndizi kwenye keria, uzito hupanda zaidi na magurudumu ya mbele huwa mepesi. Dereva anayevuka daraja la Kilifi, lililofunguliwa mwaka 1991, wakati kusi inapovuma huuhisi usukani ukielea mikononi. Isitoshe, mwendo ukipanda kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, nguvu inayolisukuma gari nje ya kona huongezeka kwa zaidi ya nusu.

Tuktuk imeonewa katika jambo hili. Watu husema hupinduka kwa sababu injini iko nyuma, ilhali injini hiyo ndiyo inayoisaidia. Chora pembetatu kutoka gurudumu la mbele hadi yale mawili ya nyuma: uzito ukikaa karibu na kitako kipana cha pembetatu, chombo huwa imara, ukisogea kwenye ncha, huyumba. Injini na abiria wa nyuma huuvuta uzito kuelekea kitakoni. Anayeuharibu mpango huo ni dereva anayembeba mtu wa ziada kando yake, au anayefunga breki katikati ya kona na kuutupa uzito wote kwenye ncha. Udhaifu halisi wa injini ya nyuma huonekana kwenye vijia vya mchanga vya Watamu, ambako gurudumu jepesi la mbele huchora mstari bila kugeuka.

Basi la masafa marefu lina hesabu yake. Ulaya, mabasi ya namna hiyo huweka injini nyuma ili abiria wapate utulivu na mizigo ipate nafasi chini ya sakafu. Hapa nchini mengi yamejengwa juu ya chesisi zenye injini mbele, kando ya dereva. Barabara ya Garsen kwenda Lamu ilikuwa ya changarawe kwa miaka mingi, na mkia wa basi ndiko vumbi hujikusanya. Injini iliyoko huko huvuta vumbi hilo na hukosa upepo wa kuipoza. Injini ya mbele hupiga kelele na kumchoma dereva mguu, lakini ikizima njiani, utingo hufunua kifuniko na kuanza kazi hata kabla abiria wa nyuma hawajajua kwa nini basi limesimama.