Maji ya Hinkley: Jinsi sumu ya kiwanda inavyotenganishwa na ile ya miamba

Hinkley ni kijiji kidogo katika jangwa la Mojave, jimbo la California nchini Marekani. Mnamo 1952, kampuni ya Pacific Gas and Electric ilianza kuendesha huko kituo cha kusukuma gesi asilia kwenye bomba. Ili minara ya kupozea mitambo isishikwe na kutu, maji yake yalitiwa kromiamu-6, kemikali yenye sumu, kisha yakamwagwa katika mabwawa yasiyosakafiwa. Uchafuzi huo, uliodumu hadi katikati ya miaka ya sitini, ulipenya mchangani na kuyafikia maji ya visima. Kampuni iliwaarifu wakuu wa jimbo mwaka 1987, na mnamo 1996 ikakubali kuwalipa wakazi dola milioni 333.

Wengi waliijua kesi hiyo kupitia filamu ya Erin Brockovich ya mwaka 2000. Filamu inakomea kwenye fidia, ilhali swali gumu zaidi lilikuwa bado halijajibiwa: sumu hiyo ilikuwa imeenea hadi wapi?

Ugumu ni kwamba kromiamu-6 hupatikana pia kiasili, ikimumunyuka kutoka kwenye mawe. Msomaji wa Kenya hatashangaa, kwani floraidi inayoharibu meno katika sehemu za Bonde la Ufa hutokana na miamba ya volkano. Kupata kemikali kisimani basi hakutoshi kukitia kiwanda hatiani. Wala kuwapo kwake kiasili si kisingizio cha kukiondolea lawama.

Ndiyo sababu huchimbwa visima maalumu vya uchunguzi, vingine upande maji yanakotoka kabla ya kufika kiwandani, na vingine upande yanakoelekea. Maji ya ardhini hutiririka, japo kwa mwendo wa konokono, na mkondo wake hujulikana kwa kulinganisha kimo cha maji katika visima mbalimbali. Kabla ya kuchota sampuli, maji yaliyotuama hutolewa hadi vipimo vya joto na asidi vitulie. Sampuli ya kromiamu-6 huchujwa, huwekwa kwenye baridi na kuharakishwa maabara, kwa kuwa kemikali hiyo yaweza kubadilika ikiwa chupani. Chupa nyingine hujazwa maji safi kabisa na kusafirishwa pamoja nazo: ikipatikana sumu humo, uchafu umeingia njiani.

Huko Hinkley, mzozo ulijikita katika tarakimu moja. Uchunguzi wa kampuni yenyewe wa mwaka 2007 ulikadiria kwamba kromiamu-6 ya kiasili haizidi mikrogramu 3.1 kwa lita. Kisima kilichopita hapo kilihesabiwa kuwa kimechafuliwa. (Sheria ya California iliyoanza kutekelezwa Oktoba 2024 inaruhusu hadi mikrogramu 10 katika maji ya kunywa.) Ramani iliyochorwa kwa kipimo hicho ilichangia kuamua nani apelekewe maji ya chupa na nyumba zipi kampuni ijitolee kuzinunua. Wakazi wengi waliuza na kuhama, na shule ya kijiji ikafungwa mwaka 2013.

Wataalamu walioikagua ripoti hiyo mnamo 2011 waliikosoa. Kazi ikakabidhiwa upya Shirika la Jiolojia la Marekani, chini ya mtafiti John Izbicki, na matokeo yakachapishwa 2023. Miongoni mwa mambo mengine, watafiti walipima umri wa maji. Tritiamu ilienea angani kwa wingi kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia kuanzia miaka ya hamsini. Maji yasiyo nayo yaliingia ardhini kabla ya kituo kuwapo, hivyo kromiamu iliyomo haiwezi kuwa ya kampuni. Utafiti ulionyesha kwamba kiwango cha kiasili hutofautiana kutoka sehemu moja ya bonde hadi nyingine, na kwamba eneo lililochafuliwa ni dogo kuliko ramani pana zaidi ya awali. Kwa waliokwisha kuhama, jibu hilo lilifika miaka 10 baada ya shule kufungwa.

Katika usafishaji, ethanoli hudungwa ardhini ili bakteria waigeuze kromiamu-6 kuwa kromiamu-3, ambayo madhara yake ni machache na haisafiri kwa urahisi majini. Maji mengine hunyweshwa mashamba ya alfalfa, majani ya mifugo, ambako udongo hufanya kazi iyo hiyo. Hata hivyo, ethanoli yaweza kuachilia manganizi na aseniki zilizojificha udongoni, kwa hivyo nazo hulazimika kupimwa katika visima vya uchunguzi.