Maji ya Mkonge na Mikono ya Dorothy Hodgkin

Mkonge ukitajwa Korogwe, au Kabuku upande wa Handeni, wengi wetu hukumbuka kamba, korona na manamba. Ndivyo historia yake ilivyozoeleka kusimuliwa. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Miaka 71 baadaye, mwaka 1964, mavuno ya singa yalifikia tani zipatazo 230,000. Waliozivuna walitoka mbali, Songea, Kigoma hata Burundi, wakaitwa manamba kwa kuwa shambani walijulikana kwa namba zao.

Lakini kamba ni sehemu ndogo ya mmea huo. Katika kilo 100 za majani, singa hazizidi kilo 5. Kinachosalia ni makapi na maji ya kijani yawashayo, ambayo kwa miaka mingi yalitiririshwa hadi Mto Pangani. Habari ya maji hayo haikamiliki bila ya kumtaja mkemia mmoja wa Chuo Kikuu cha Oxford, ingawa kazi yake haikuanzia kwenye mkonge.

Dorothy Crowfoot, ambaye baadaye alichukua jina la mumewe, Hodgkin, alizaliwa Cairo tarehe 12 Mei 1910. Aliingia Oxford mwaka 1928 kusoma kemia. Aliporejea hapo kufundisha mwaka 1934, klabu ya wakemia wa chuo hicho ilikuwa haiwapokei wanawake. Maabara yake ilikuwa pembeni mwa jumba la makumbusho, na ili aifikishe fuwele kwenye hadubini ilimbidi apande ngazi, mkono mmoja ukijishikilia na wa pili ukiibeba fuwele. Alipokuwa na umri wa miaka 28, baridi yabisi iliivamia mikono hiyohiyo, ikavipinda vidole, wala haikumwacha hadi alipofariki mwaka 1994.

Kazi yake ilikuwa kupitisha miale ya eksirei ndani ya fuwele, kuyapiga picha madoa yaliyotokea, kisha kukokotoa mahali pa kila atomu. Mwaka 1945, yeye na Harry Carlisle walitoa umbo kamili la kolesteroli iliyoungwa na iodini: pete nne zilizoshikamana. Pete hizo ndizo uti wa mgongo wa jamii nzima ya steroidi, zipatikanazo katika nyongo, katika homoni za binadamu na katika mimea.

Mwaka 1948 Philip Hench wa Marekani alimtibu kwa kotisoni mgonjwa wa baridi yabisi, na aliyekuwa hawezi kutembea akainuka baada ya siku chache. Kotisoni ni steroidi. Ilitengenezwa kwa nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya 30, ikawa haba na ghali. Wakemia wakageukia mimea. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 watafiti wa London, John Cornforth akiwa miongoni mwao, walionyesha kwamba maji ya mkonge wa Afrika Mashariki yana hekojenini, steroidi yenye pete zilezile nne, na oksijeni yake i jirani na mahali inapotakiwa katika kotisoni. Kampuni ya Glaxo ikaifanya malighafi ya dawa. Kilichokuwa kikimwagwa mtoni kikawa tiba ya maradhi yaliyompinda vidole yule aliyetufunulia umbo la pete hizo.

Mwaka uleule wa 1964, mkonge ulipokuwa kileleni, Dorothy alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia, mwanamke wa tatu baada ya Marie Curie na binti yake Irène. Habari zilimkuta Ghana, ambako mumewe, Thomas, aliongoza taasisi ya taaluma za Kiafrika. Gazeti moja la Uingereza lilimtangaza kuwa ni mama wa nyumbani wa Oxford.

Msomaji ataona kwamba kosa ni lilelile. Bingwa aliitwa mama wa nyumbani, binadamu akaitwa namba, na mmea wenye dawa ukaitwa kamba. Mwaka 2008, huko Hale wilayani Korogwe, ulizinduliwa mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi itokanayo na makapi ya mkonge. Makapi yamepata thamani yake, na Dorothy amepata heshima yake. Waliobaki kudai majina yao ni manamba.