Mgodi Ulikwisha, Reli Ikabaki: Safari Yetu ya Mpanda



Katika kutimiza miaka kumi ya chama chetu, nimeombwa niandike habari za safari ya Mpanda. Tulikwenda kina mama watatu, tukapitia Songea, Makambako, Mbeya na Sumbawanga. Kwa basi siyo mchezo! Shabaha yetu ilikuwa kuona mji uliokuzwa na mgodi unakuwaje mgodi ukishafungwa, maana na sisi Namtumbo tunayo urani kule Mto Mkuju.

Mwenyeji wetu alitupeleka kwanza stesheni ya reli. Historia yake ni hii.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini Mpanda ikabaki pembeni. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba pale madini ya risasi, pamoja na fedha, shaba na dhahabu. Risasi ni mzigo mzito, na barabara za wakati ule masika zilikuwa hazipitiki. Ndipo serikali ya Mwingereza ikajenga tawi la reli kutoka Kaliua, kama kilomita 210, na kufikia mwaka 1950 treni ilikuwa inafika Mpanda. Madini yakapakiwa kwenye mabehewa kwenda bandarini Dar es Salaam.

Mgodi ukafungwa mwaka 1960. Jamani, miaka kumi tu! Ni umri wa chama chetu hiki.

Wazee wetu wa Kusini wanaikumbuka reli ya Mtwara na Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga. Mradi ulipokufa, reli ilikosa mzigo, na miaka ya 1960 ikang'olewa. Ya Mpanda haikung'olewa. Watu wa pale walilima mahindi na tumbaku, na wakimbizi wa Burundi waliopewa ardhi Katumba na Mishamo miaka ya 1970 wakaongeza mavuno. Kwa hiyo reli iliyojengwa kwa ajili ya mgodi ikaja kuwafaa wakulima na abiria.

Sasa turudi nyumbani. Leseni ya kuchimba urani ya Mkuju ilitolewa mwaka 2013, na wengi tulidhani neema imeshafika. Mimi mwenyewe nilikopa nikajenga vyumba viwili vya kupangisha wafanyakazi wa mgodi. Kumbe bei ya urani duniani ilikuwa imeshuka tangu ajali ya Fukushima, Japani, mwaka 2011, na kazi kubwa ikaahirishwa. Vyumba vilikaa vitupu. Deni lile nililimaliza kwa ufuta wangu na kwa mkopo wa chama hiki, kidogo kidogo, huku baadhi ya majirani wakinicheka kwamba naweka vishilingi.

Mwaka 2025 mtambo wa majaribio ulizinduliwa Mkuju, na maneno ya neema yameanza tena. Sisemi tuukatae mgodi. Ukija, watoto wetu wapate kazi, nasi tuwauzie chakula. Ila hisa zetu za kila wiki tusiziache, wala mashamba tusiyauze, maana madini yana mwisho. Mpanda imebaki kwa sababu watu wake walikuwa na cha kupakia kwenye treni siku mgodi ulipofungwa.

Haba na haba hujaza kibaba. Hongereni kwa miaka kumi, kina mama.