Maurice King: Daktari wa Makerere aliyetaka tiba ianzie jirani na nyumbani

Mtoto akishikwa na homa Makorora, jijini Tanga, mzazi anaanzia Kituo cha Afya Makorora. Ikishindikana pale, anapewa rufaa kwenda Hospitali ya Bombo. Utaratibu huu unaonekana wa kawaida tu, lakini kuna watu walioupigania.

Mmoja wao ni Maurice King, daktari Mwingereza aliyefundisha Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, miaka ya 1960.

Mwaka 1966 alihariri kitabu Medical Care in Developing Countries, kilichotokana na kongamano la madaktari Makerere. Hoja yake kuu: mgonjwa atibiwe karibu na kwake kadiri inavyowezekana, kwenye kituo kidogo na cha gharama nafuu, ilimradi kiwe na uwezo wa kumhudumia vizuri.

Kwanini? Hospitali kubwa moja inaweza kumeza bajeti ambayo ingeendesha zahanati nyingi. Na mama aliye mbali, hasa asiye na nauli, hafiki kabisa.

King hakuwa peke yake. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Tanzania nayo iliweka nguvu kwenye zahanati na vituo vya afya vijijini. Mwaka 1978, mkutano wa Alma-Ata uliifanya afya ya msingi kuwa ajenda ya dunia.

Baadaye King alifanya kazi Zambia, akaandika vitabu vya lishe na maabara. Alihariri pia Primary Surgery, mwongozo wa upasuaji kwa daktari wa hospitali ya wilaya asiye na bingwa wa kumuita.

Lakini jina lake lina doa pia. Mwaka 1990, kwenye jarida la Lancet, alidai kuwa penye watu wengi kupita uwezo wa ardhi, hatua kama kusambaza kwa wingi maji ya chumvi na sukari kwa watoto wanaoharisha zisianzishwe, kwani zingeongeza mateso ya baadaye. Wataalamu wengi walimjia juu: mtoto aliye mbele yako hawezi kuachwa afe kwa sababu ya hesabu za kesho.

Hoja iliyodumu ni ile ya 1966. Wagonjwa wenye mafua wakiruka kituo cha mtaani na kujazana hospitali kubwa, anayeumia ni yule aliyeletwa mahututi.