Kupima Vitamini A: Kutoka Rangi ya Buluu Hadi Tone la Damu Kavu

Mwaka 1949, Waingereza walipoanzisha mjini Mwanza idara ya kuchunguza maradhi ya Afrika ya Mashariki, ambayo matabibu wake walivuka ziwa hata kisiwani Ukara, elimu ya kupima vitamini A ilikwisha kutimiza zaidi ya miaka ishirini, nayo ilikuwa elimu yenye inda. Carr na Price walikuwa wamedhihirisha mwaka 1926 kwamba vitamini hiyo ikikutana na kloridi ya antimoni hutoa rangi ya buluu, na kadiri ya ukolezo wa buluu ile ndiyo hesabu yake. Lakini ole wake mpimaji mzito wa mkono, kwani rangi hufifia kwa sekunde chache, na unyevu wa hewa, ambao kando ya ziwa si haba, huiharibu dawa yenyewe.

Bessey na Lowry, huko New York, wakaleta mwaka 1946 njia nyingine: kupima nuru ya urujuanimno inayofyonzwa na vitamini, kisha kuiangamiza vitamini kwa nuru hiyo hiyo na kupima tena, tofauti ikawa ndiyo jawabu. Fadhila yake kubwa, kwa rai yangu, ni uchache wa damu iliyohitajiwa, maana mtoto aliyekonda si kisima cha kuchotwa. Kromatografia ya miaka ya 1970, yaani kuitenganisha vitamini na vitu vingine kabla ya kuipima, ikazidisha usahihi.

Hata hivyo, mashine haiondoi shaka. Ini huitoa akiba yake kidogo kidogo, hata damu ikaonekana tajiri mpaka ghala limekaribia kukauka. Na kinyume chake, homa huishusha vitamini katika damu ilhali ini limejaa. Kwa hiyo mgonjwa wa kifua kikuu aweza kudhaniwa fakiri wa vitamini kumbe ni maradhi yaliyoificha. Ndiyo sababu Nyagosya Range wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, Mwanza, pamoja na Henrik Friis wa Denmark na wenzao, walipochunguza lishe ya wagonjwa hao mwanzoni mwa karne hii, walipima pia protini zinazopanda wakati wa maambukizo.

Mwaka 2010, katika uchunguzi wa afya wa Tanzania nzima, matone ya damu yalikaushwa juu ya karatasi, ikapimwa protini inayoibeba vitamini badala ya vitamini yenyewe; takriban theluthi ya watoto wa chini ya miaka mitano wakaonekana na upungufu.