Fundi wa nguo na jina lake: Jinsi ya kujenga chapa ya mishono ya oda

Kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi, mgeni mmoja anatokelezea na gauni la kitenge lililomkaa vizuri. Jirani yake wa meza anamuinamia: "Shoga, hili umeshonesha wapi?" Jibu linakuja: "Kuna dada mmoja yuko Sinza, nitakutafutia namba yake."

Namba haitafutwi. Sherehe inaisha, kila mtu anarudi kwake, na fundi aliyekesha na lile gauni hajui kwamba usiku ule amepoteza mteja, pengine watano.

Hapo ndipo suala la chapa linapoanza. Mafundi wazuri wa nguo ni wengi, ila wengi wao wanajulikana kwa "yule dada" au "yule fundi wa karibu na kituo". Kazi inasifiwa lakini jina halitajwi.

Chapa ni nini hasa?

Watu wengi wakisikia chapa wanafikiria nembo. Nembo ni sehemu ndogo tu. Chapa ni kile mteja anachokumbuka na kutarajia anaposikia jina la fundi: aina ya mshono, namna anavyopokelewa, nguo inavyofungashwa na kama tarehe ya kuchukua oda huwa inatimia.

Kwa biashara ya mtu mmoja na cherehani yake, hilo lina uzito mkubwa. Hawezi kushindana kwa bei na magauni yaliyoshonwa kiwandani, wala na mitumba. Anachouza yeye ni nguo iliyopimwa kwenye mwili wa mtu mmoja. Mteja akishindwa kuona tofauti hiyo, atabaki kuuliza bei tu.

Anza na mshono, nembo baadaye

Kabla ya kulipa mtu wa michoro, fundi ajiulize: nguo zangu zinatambulikaje hata bila lebo?

Inaweza kuwa mifuko iliyojificha kwenye kila gauni, bitana safi ndani, mkono wa aina fulani, au kitenge kilichopangwa mpaka maua yakutane sawasawa kwenye mshono wa mgongoni. Kitu kimoja kinachorudiwa kila mara kinatosha.

La pili ni kuchagua mteja. Anayeshona sare za shule, suti za wanaume, mashera na mapazia kwa pamoja anapata kazi, ila ni vigumu watu kumkumbuka kwa jambo moja. Anayejulikana kwa magauni ya kina mama wenye miili mikubwa, au madera ya Idi, anatajwa haraka zaidi. Kazi nyingine anaweza kuendelea kuzipokea, ila akaunti na lebo zizungumze jambo moja.

Jina: fupi, linatamkika, halijachukuliwa

Jina zuri ni lile ambalo mtu akilisikia mara moja kwenye simu anaweza kuliandika bila kuuliza herufi. Majina yenye tarakimu na herufi zilizorudiwa mara tatu huwapoteza wateja wakati wa kutafuta.

Mfano unaojulikana ni KikoRomeo ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1996 na mbunifu Ann McCreath. Jina ni neno la Kiswahili, kikoromeo, lile fundo la kooni. Linachekesha kidogo, linatamkika, na aliyelisikia halisahau upesi.

Kabla ya kuchapa chochote, jina lichunguzwe sehemu tatu: Instagram na TikTok, Google, na kwenye mfumo wa usajili wa majina ya biashara.

Somo kutoka kwenye kanga

Pwani ya Afrika Mashariki haijaanza leo kuuza kitambaa chenye jina. Kanga ina pindo, mji na jina, yaani yale maandishi, na wanawake wengi huenda dukani wakiiulizia kwa maandishi hayo.

Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, iliyoanza biashara mwaka 1887, ilifanya zaidi ya hapo. Kanga zake zinabeba alama "K.H.E. Mali ya Abdulla". Alama hiyo imo kwenye kitambaa chenyewe, hivyo inakwenda popote kanga inapokwenda: harusini, jikoni, hata mgongoni kwa mtoto.

Fundi wa leo anafanya hivyo kwa lebo. Anayeshona nguo 5 kwa wiki anatoa zaidi ya 200 kwa mwaka. Bila lebo, hizo ni nguo zaidi ya 200 zinazotembea mjini bila kumtaja aliyezishona.

Lebo ya kufumwa ndiyo inayodumu. Mtaji ukiwa mdogo, utepe wa pamba uliochapwa jina unafaa. Iwe na jina na akaunti ya mtandaoni. Namba ya simu inaweza kubadilika, kwa hiyo bora ikae kwenye kadi ndani ya mfuko.

Rangi mbili na aina moja ya maandishi zinatosha, mradi ziwe zilezile kwenye lebo, kadi, mfuko na mtandaoni.

Tahadhari: kushonea lebo ya kampuni maarufu ya nje kwenye nguo yako ni kutengeneza bidhaa bandia. Tanzania Bara, Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza, na Tume ya Ushindani, FCC, hukamata bidhaa za aina hiyo.

Simu ndiyo duka

Simu ya kawaida inatosha kwa picha. Nguo ipigwe karibu na mlango au dirisha asubuhi, mbele ya ukuta uleule kila mara, ikiwa imevaliwa na mtu. Pichani waonekane mbele, nyuma na mshono wa ndani. Filta ziachwe: zikibadilisha rangi ya kitambaa, mteja atakapoletewa nguo ataona amedanganywa.

Kosa linaloua chapa nyingi ni kuposti mishono ya Lagos au Accra iliyopakuliwa mtandaoni kana kwamba ni kazi ya fundi mwenyewe. Mteja anaagiza kile alichokiona, anapata kingine, kisha anaweka picha mbili sambamba watu wacheke.

Maelezo ya akaunti ya Instagram hayazidi herufi 150. Yaseme nguo gani zinashonwa, wapi, na oda inachukua siku ngapi. WhatsApp Business ni ya bure na ina katalogi ya kuweka picha na bei, pamoja na majibu ya haraka kwa maswali yanayojirudia. Kuandika "bei njoo inbox" kunamfanya mteja ahisi bei inapangwa kwa kumtazama usoni.

Malipo nayo ni sehemu ya chapa. Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara inampa mteja wa mkoani moyo wa kutuma hela kwa mtu ambaye hajawahi kumuona.

Picha ya mteja iwekwe kwa ridhaa yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ujumbe mfupi wa "naomba kuposti picha yako" ni ushahidi mzuri wa kuhifadhi.

"Imebaki kupiga pasi tu"

Kila mteja Afrika Mashariki anaijua sentensi hiyo, na anajua maana yake ni kwamba kitambaa bado hakijakatwa. Kwa hiyo fundi anayetimiza tarehe ana chapa hata kabla ya kuwa na nembo.

Njia inayosaidia ni kuandika kila oda: vipimo, picha ya mshono uliokubaliwa, malipo ya awali, siku ya kujaribu na siku ya kuchukua. Mteja apate nakala kwenye WhatsApp. Tarehe anayopewa iache siku 2 au 3 za akiba, kwa sababu umeme hukatika na zipu hukosekana.

Nafasi zikijaa kabla ya Idi au Krismasi, fundi aseme zimejaa. Mteja aliyekataliwa mapema huweza kurudi mwakani. Aliyekosa nguo asubuhi ya sikukuu hatarudi, na atasimulia.

Jina lako ni lako kisheria?

Hapa wengi huumia. Tanzania Bara, BRELA husajili majina ya biashara na pia alama za biashara, lakini hayo ni mambo mawili tofauti. Kusajili jina la biashara kunakuwezesha kufanya kazi rasmi kwa jina hilo. Hakukupi haki ya kipekee ya kulitumia kama alama kwenye nguo.

Haki hiyo inatokana na usajili wa alama chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Nguo ziko daraja la 25. Usajili wa kwanza ni wa miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara.

Usajili wa BRELA hauvuki kwenda Zanzibar, ambako kazi hiyo inafanywa na BPRA. Kenya alama husajiliwa KIPI kwa miaka 10.

Anayeanza si lazima afanye yote kwa siku moja. Jina la biashara na TIN vinaweza kutangulia. Alama isajiliwe mara jina linapoanza kuuza, kabla mtu mwingine hajaliona na kuwahi.

Mtaji ukiwa mdogo

Mpangilio wa kufuata uwe huu: mshono unaotambulika, jina lililochunguzwa, daftari la oda, lebo, picha, halafu usajili wa alama. Nembo ya gharama na kibao cha taa vinaweza kusubiri.

Siku nyingine swali la "umeshonesha wapi?" likiulizwa, mvaaji atageuza tu kola na kuonyesha lebo.