Kujichapishia Vitabu

Kujichapishia ni desturi ya mwandishi kukitoa kitabu chake kwa fedha, kwa uamuzi na kwa dhima yake mwenyewe, pasipo kampuni ya uchapishaji kusimama kati yake na msomaji. Haina maana kwamba mwandishi huzungusha mtambo kwa mkono wake. Mpiga chapa hubaki mpiga chapa, na mhariri pamoja na mchora jalada aghalabu huajiriwa kwa ujira. Linalohama ni amri ya mwisho, na hasara au faida inayofuatana nayo. Sharti itengwe na biashara ya kampuni zijiitazo wachapishaji ilhali pato lao hutoka katika mfuko wa mwandishi wala si mikononi mwa wasomaji, kwani huko mtu hulipa kama aliyejichapishia na hufungwa kwa mkataba kama aliyechapishwa.

Katika Afrika Mashariki desturi hii si ngeni. Shaaban Robert, ambaye baadhi ya kazi zake zilitolewa mbali na kwao, hata na matbaa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, alitoa nyingine mwenyewe mjini Tanga kwa jina la Art and Literature katika miaka ya mwisho kabla ya kufariki mwaka 1962. Huko Nairobi, David Maillu aliasisi Comb Books mwanzoni mwa miaka ya 1970, akauza vitabu vidogo vya bei nafuu vilivyopendwa mno na vijana wa mjini na kulaumiwa mno na wazee, hata Tanzania ikavipiga marufuku mwaka 1976. Dar es Salaam nako, Ben Mtobwa alikuwa na kampuni yake, Heko Publishers.

Taabu iliyowapata watu wa zama hizo ilikuwa ya hesabu kabla ya kuwa ya fasihi. Mtambo wa ofseti hautofautishi sana kati ya nakala 100 na nakala 3,000, kwa kuwa gharama kubwa iko katika kutengeneza sahani na kuutayarisha mtambo. Basi mwandishi aliyetaka bei ya kila nakala ishuke hakuwa na budi kuchapa maelfu, kisha kuyatafutia mahali pa kukaa. Wengi wetu tumewahi kuingia chumba ambamo kitanda kimepandishwa juu ya maboksi ya kitabu kimoja. Fundo hilo lilifunguliwa na uchapaji kwa agizo, ambao kampuni ya Ingram ya Marekani iliuanza mwaka 1997 na Lulu ikaufikisha kwa mwandishi wa kawaida kuanzia mwaka 2002: kitabu hukaa kama faili, na nakala huchapwa baada ya mnunuzi kulipa, hata ikiwa ni nakala moja.

Mwaka 2007 una haki ya kukumbukwa katika tarehe ya jambo hili, maana matukio manne yasiyokuwa na udugu yalikutana ndani yake. Mwezi wa Januari, nambari ya kimataifa ya kitabu, yaani ISBN, iliongezwa kutoka tarakimu 10 ikawa 13. Machi, kampuni ya simu ya Safaricom ilifungua M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, nchini Kenya. Septemba, EPUB ilithibitishwa kuwa muundo wa pamoja wa vitabu vya kielektroniki. Na Novemba, Amazon ilitoa Kindle, kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, pamoja na mlango ambao mtu yeyote aliweza kuupitisha mswada wake hadi dukani. Ulimwengu uliusifu sana mwezi wa Novemba. Kwa mwandishi wa Kiswahili, yamkini Machi ndio uliokuwa na baraka zaidi.

Mlango huo wa Amazon, unaoitwa leo Kindle Direct Publishing, humpa mwandishi mrabaha wa asilimia 70 endapo kitabu cha kielektroniki kimewekwa bei ya kati ya dola 2.99 na 9.99, na asilimia 35 nje ya mipaka hiyo. Kwa hiyo kitabu cha dola 4.99 huleta takriban dola 3.49, kabla ya kukatwa ada ndogo ya kupeleka faili. Lakini fungu la juu hutolewa kwa wanunuzi wa nchi zilizotajwa tu, na nchi zetu hazimo. Aidha, kwa miaka mingi Kiswahili hakikuwemo miongoni mwa lugha zilizokubaliwa rasmi na duka hilo kwa vitabu vya kielektroniki. Mwandishi akikubali kumpa Amazon peke yake kitabu chake cha kielektroniki kwa siku 90 zinazoweza kurudiwa, kitabu huingizwa katika Kindle Unlimited, maktaba ya kulipia iliyoanzishwa mwaka 2014, ambayo tangu Julai 2015 hulipa kwa kurasa zilizosomwa. Kanuni hiyo ya kurasa imeathiri hata utunzi wenyewe, kwani imestawisha mifululizo mirefu na sura zinazokatika palipo na hamu. Asiyetaka kufungwa hupeleka kazi yake Kobo, IngramSpark na kwingineko, au hutumia Draft2Digital, iliyoungana na Smashwords mwaka 2022, kuisambaza mahali pengi kwa mkupuo mmoja.

Zana za kazi ni nyingi na hubadilika upesi: Scrivener kwa kupangia mswada, Vellum na Atticus kwa kuupa sura ya kitabu, calibre, isiyolipiwa, kwa kugeuza miundo. Hakuna hata moja iwezayo kumwondolea mtu haja ya mhariri, na vitabu vingi vya namna hii huanguka hapo.

Mifano inayotajwa kila mara ni Andy Weir, aliyeitoa riwaya yake The Martian sura kwa sura katika tovuti yake kabla ya kuiuza kwa senti 99 na hatimaye kuchapishwa na kampuni ya Crown mwaka 2014, na Brandon Sanderson, aliyechangiwa zaidi ya dola milioni 41 kupitia Kickstarter, tovuti ya kukusanyia michango, mwezi wa Machi 2022. Huyu wa pili alikuwa na jeshi la wasomaji tayari, waliokusanywa kwa miaka mingi na wachapishaji wa kawaida. Kumtolea mfano kwa anayeanza si insafu. Mtihani mpya zaidi ni akili bandia: mnamo Septemba 2023 Amazon iliwataka waandishi waseme iwapo maandishi yametungwa na mashine, ikaweka kikomo cha vitabu vipya 3 kwa siku kwa kila mtu, kikomo ambacho mwanadamu aandikaye kwa kalamu yake hana hofu ya kukigusa.

Kwetu, duka lililo hai zaidi ni simu. Mtunzi huweka sehemu za mwanzo za riwaya Facebook au WhatsApp bila malipo, na hadithi inapofikia ukingoni huandika “itaendelea” pamoja na namba ya kulipia. Msomaji hutuma pesa kwa simu, akaingizwa katika grupu au akatumiwa PDF. Ni mtindo wa riwaya za magazetini uliovaa nguo mpya. Adui yake ni yule mnunuzi mmoja anayewatumia rafiki zake kumi, na kwa ajili yake baadhi ya watunzi huandika jina na namba ya mnunuzi katika kila ukurasa, au hutoa sehemu moja kwa siku. Wanaotaka karatasi huchapisha nakala 50 au 100, na vifurushi husafiri kwa mabasi ya mikoani.

ISBN hupatikana Tanzania kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, na Kenya kwa Huduma ya Maktaba za Taifa. Hakimiliki husimamiwa na COSOTA huko Tanzania na KECOBO huko Kenya. Soko kubwa la vitabu, yaani shule, lina mlango mwingine, kwa kuwa vitabu vya kiada hupita kwanza katika ithibati ya serikali, na mwenye kujichapishia huupita kwa nadra. Ndiyo maana watunzi wengi wa riwaya huhifadhi namba za wanunuzi wao wa zamani, na kitabu kipya kinapotoka hao ndio hupigiwa kwanza.